Naomba ushauri: lenzi pana ya Mamiya 645 kwa jiko lenye giza

Wakuu, salaam. Nipo Moshi, natumia kamera ya filamu, Mamiya M645 1000S, niliyoachiwa na mjomba, lenzi ni moja tu, 80mm f/2.8. Nataka kumpiga bibi picha akipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kule Kibosho. Jiko dogo, moshi mtupu, mwanga unapita mlangoni basi. Nikirudi nyuma nimpate yeye na sufuria, mgongo umeshagota ukutani. Kwa filamu ya 400, tundu la lenzi wazi kabisa, napata 1/30 ya sekunde, picha inatikisika. Flashi sitaki, itaua ule moto. Nichukue 45mm au 55mm, zote f/2.8? Au ipo yenye tundu kubwa zaidi?

Mzee wa Rau: Lenzi pana yenye tundu kubwa kuliko f/2.8 hupati kwa Mamiya hiyo (namba ya f ikipungua, tundu linakua). 35mm yenyewe ni f/3.5. Ile f/1.9 inayosifiwa ni 80mm, kwa hiyo ukuta uko palepale.

Kijana wa Njiro: Hasselblad wana 50mm f/2.8. Uza shamba la kahawa 😀

Mzee wa Rau: Hiyo haina shata (pazia la kufungua na kufunga mwanga) ndani, inataka bodi za Hasselblad za mfululizo wa 2000 au 200, zenye shata yao. Usimpoteze mwenzio.

Mama Negativu: Mwanangu, chukua 45. Upana wake ni kama 28mm kwenye filamu ndogo ya 35mm. 55 ni kama 34, jikoni humo utajuta. Ila bibi usimweke pembeni ya picha, uso utavutika kama boga. Pembeni waache vyungu. Ukiwa mita moja na nusu kwa f/2.8, panapoonekana vizuri ni sentimita 30 hivi, kwa hiyo fokasi iwe machoni. Mwanga usiutafute kwenye lenzi. Weka HP5, filamu nyeusi-nyeupe ya 400, pima mwanga kana kwamba ni ya 1600, mwambie anayesafisha filamu aongeze muda. Hiyo 1/30 inakuwa 1/125. Chembe zitaonekana, lakini kwenye moshi ule nani atazihesabu?

Kijana wa Njiro: Sasa bila utani: muuzaji amulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma, akutumie picha. Yangu ilikuja na fangasi kama utando wa buibui.

Mwenye uzi: Asanteni sana, shikamoo Mama. 45 naiagiza, ila bibi ameshaloweka ulezi, hanisubiri. Safari hii naingia na 80 na HP5, nitasimama nje ya mlango.