Tupeane uzoefu: Mungu alipokuelekeza, ulijuaje ni Yeye?

MwalimuWaKwaya, Barani

Bwana asifiwe wapendwa. Alhamisi iliyopita tulikuwa na ibada ya nyumbani huku kwetu Barani, Malindi, na kijana mmoja wa kidato cha tatu akatuuliza: "Nyinyi wakubwa kila siku, Mungu ameniongoza, Mungu ameniongoza. Huwa mnajuaje?" Tulikuwa watu kumi na mmoja mle ndani na wote tukainamia vikombe vya chai. Mimi niliyekuwa naongoza nikasema tufunge kwa maombi, muda umekwenda. Ilikuwa saa mbili kasorobo.

Basi nimeona nilete swali hapa. Ombi langu ni moja: leta lililokupata wewe mwenyewe, si la shangazi ya rafiki yako wala la muhubiri wa redioni. Na lililokwenda mrama pia lilete.

Naanza mimi. 2016 niliuziwa ploti, bei ya kutupa, muuzaji ana haraka. Sikuota ndoto, sikusikia sauti. Kilichotokea ni kwamba nilianza kumficha mke wangu. Nikichukua simu ya yule dalali natoka nje, narudi nasema ni mambo ya kwaya. Pesa za mkopo nikalipa, risiti nikaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikijua yeye hutumia chake. Jumapili ile akasahau chake nyumbani, akachukua changu, akafungua wimbo wa pili, risiti ikamdondokea mapajani. Hakusema neno. Aliimba mpaka mwisho, na sauti yake ya alto ilikuwa sawasawa kabisa, hilo ndilo lililonitia jasho.

Ploti ikaja kujulikana ina mwenyewe, na hati miliki anayo. Mkopo nimemaliza kulipa 2019. Nikijiuliza leo Mungu alinionya wapi, naona alinionya kwa kule kujificha. Jambo ambalo siwezi kulisema mezani kwangu, nalikimbilia wapi?

Haya, nani anafuata?

Mteule_001

Amina mtumishi, ubarikiwe sana.

MwalimuWaKwaya

Amina yako nimeipokea ndugu. Sasa leta kisa.

MamaMahamri

Shikamooni wakubwa. Mimi napika mahamri na mbaazi za nazi, naamka saa kumi za usiku. Na jirani yangu tulikosana kwa ajili ya mfereji wa maji, mwaka mzima hatuamkiani. Asubuhi moja nakaanga, likanijia moyoni: mpelekee. Nikasema hilo ni shetani, ananitaka niaibike. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena, na siku hiyo mahamri yalifura vizuri ajabu, nikaona kama Mungu ananikejeli.

Nikapanga sita kwenye sahani yangu ya maua, ile ya wageni, nikafunika na kitambaa. Akafungua mlango nusu. Akapokea, akasema ahsante, akafunga.

Nyinyi wa pwani mnajua sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu unatia chumvi, unatia ndimu mbili. Yangu ilikaa wiki, ikarudi na mtoto, tupu, haijaoshwa vizuri.

Mpaka leo si marafiki. Tunaamkiana, basi. Watu kanisani wakinisikia nasimama kutoa ushuhuda wanangojea niseme alikuja akalia, tukakumbatiana. Hakuja. Lakini nilikuwa na kitu hapa kifuani kama mfupa wa samaki umekwama, na kuanzia ile asubuhi hakipo. Sijui kama hiyo ndiyo mnayoita uongozi.

MwalimuWaKwaya

Mama, sita za kufura na bado sahani ikarudi chafu! Mimi ningemrudishia Mungu malalamiko. Ahsante kwa kutopamba.

MvuviWaGatini

Mimi nataka kusema la kukosea. Tulikuwa tunatoka na mashua ya jarife, wavu wa samaki wakubwa, mabaharia watano, nahodha ni mzee wa Kibajuni, mtu wa dini yake na mtu mzuri. Usiku mmoja moyo ukakataa. Nikamwambia, "Mzee, mimi leo Mungu amenizuia." Akanitazama, akasema, "Basi kaa, mwanangu. Na sisi tuombee." Nikakaa nyumbani nikingojea habari mbaya. Mungu anisamehe, nadhani nilikuwa naingojea kweli, nipate kusema niliwaambia.

Asubuhi wakaingia na nguru na kolekole mpaka ubavu wa mashua umelala. Mgao ukagawanywa, fungu la mashua, fungu la nyavu, na la kila baharia. Langu hakuna. Kwa miezi wakaniita Mtume.

Nilipotulia nikakumbuka kwamba wiki mbili kabla wimbi lilinipiga nikaning'inia kwenye ukingo wa mashua. Haikuwa sauti ya Mungu, ilikuwa hofu yangu imevaa kanzu ya kanisa. Sasa moyo ukikataa huwa najiuliza kwanza: nimelala? Nimekula? Ninaogopa nini? Ukishatoa hayo na bado unakataa, hapo ndipo napiga magoti.

Na kwa yule kijana wa kidato cha tatu nina hili. Shuleni amefundishwa Vasco da Gama alifika hapa kwetu 1498. Alikuwa na meli, mizinga, na vyombo vyote vya safari, lakini njia ya kwenda India hakuijua mpaka mfalme wa Malindi alipompa rubani. Wakatoka Aprili, kusi, upepo wa kwendea huko, inaanza, na chini ya mwezi mmoja wakafika Calicut. Kurudi hawakungoja kaskazi, upepo wa kurudia, ikae sawa, wakatangatanga baharini karibu miezi mitatu, wengi wakafa kwa maradhi. Bahari ni ile ile. Mimi nikisikia mtu anasema amengoja na Mungu hajamjibu, huwa nafikiria pengine upepo wake bado.

MsomajiTu

Mfano mzuri, ila yule rubani hakusimama kando ya usukani akisema kulia, kushoto, kulia. Aliujua upepo na nyota. Mimi huona wengi wetu tunataka Mungu atuambie hata shati la kuvaa. Paulo katika Matendo 16 alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, na alikuwa yuko njiani tayari, anatembea.

WaLangobaya

Nimesoma hapa siku mbili kabla ya kuandika. Mimi natoka upande wa Langobaya. Shakahola, kule wafuasi wa mhubiri mmoja walikofunga kula mpaka wakafa, si mbali na kwetu, na tangu 2023, miili zaidi ya mia nne ilipofukuliwa kwenye ule msitu, mtu akiniambia "Mungu amesema" mwili unanisisimka.

Jirani yetu aliuza mbuzi, akafuata kitanda, akafuata mabati ya jikoni. Tulimwona akiyabeba. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema ameitwa. Na mimi, mtu wa kanisa tangu utotoni, nilinyamaza, kwa sababu nimefundishwa kwamba mtu akishasema ameitwa hahojiwi. Ningeweza kumuuliza hata swali moja dogo: watoto watakula nini huko? Sikuuliza. Hakurudi, wala watoto.

Kwa hiyo kijana anayeuliza "mnajuaje" msimfungie kwa maombi. Wale watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado wakachunguza Maandiko kila siku kama mambo ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo. Mimi siku hizi nina kipimo kimoja kinachotangulia vingine. Sauti inayonikataza kuuliza, siifuati.

MwalimuWaKwaya

Dada (au kaka), nimekaa na haya maneno yako tangu mchana. Pole sana. Na lile la kufunga kwa maombi nimelipokea, ni kweli nilikimbia. Alhamisi hii nitamwomba msamaha yule kijana mbele ya wote, na hapa nitamsomea.

TukTukYaBuluu

Mimi ni mfupi. Nilikuwa mlinzi wa nyumba ya Mtaliano. Mwenyewe yuko kwao, msimamizi wake akataka niweke sahihi kwamba rangi ilinunuliwa ndoo kumi na mbili. Mimi nilizibeba kwa mikono yangu, zilikuwa tano. Hapo sikuhitaji kufunga wala kuomba, amri ipo, usimshuhudie jirani yako uongo. Nikakataa. Nikaachishwa mwezi wa tano, mvua inanyesha, hoteli zimefunga, mji umelala. Miezi minane bila kazi. Mke akarudi kwao na watoto kwa muda, tukala sima kwa mchicha mpaka mchicha wenyewe ukatuchoka.

Sasa naendesha tuktuk ya mtu, kila jioni napeleka hesabu. Mwenye nyumba hakuwahi kujua, msimamizi yuko pale pale na tumbo limeongezeka. Ushuhuda wangu sijawahi kuutoa kanisani maana hauna mwisho mzuri.

MamaMahamri

Huo ndio wa kutoa baba. Mke alirudi?

TukTukYaBuluu

Alirudi mama. Mwezi wa pili, na watoto, na debe la mahindi kutoka kwao.

MwalimuWaKwaya

Ndugu wa tuktuk, unaegesha wapi? Jumapili baada ya ibada nina mama mzee wa kupelekwa Ganda, na miguu yake haiwezi boda.

TukTukYaBuluu

Stendi ya sokoni, karibu na wauza madafu. Kioo cha mbele kimepasuka upande wa kushoto, utaniona. Mwambie mama aje na mto wa kukalia, ile barabara ina mashimo.