Kifundo cha mguu kilichovunjika bila kupasuliwa: miezi 5 bado kinavimba jioni, ni kawaida?

Wakuu habari. Mwezi wa kwanza niliteleza kwenye ngazi nikavunja mfupa wa nje wa kifundo, daktari akasema haujahama so hakuna haja ya vyuma, nikafungwa hogo (plasta ngumu) wiki 6. Eksirei inaonyesha umeunga ila asubuhi mguu mgumu kama ubao na ikifika jioni kiatu hakiingii. Kuna aliyepitia?

> Pole sana mkuu. Mimi uvimbe wa jioni uliisha baada ya kama mwaka hivi, mfupa unaunga mapema lakini nyama na mishipa vinachelewa, halafu wiki 6 ndani ya hogo msuli wa kigimbi unanywea kabisa. Fiziotherapia ulienda??

> Mara 2 tu, hela mzee 😅

> Basi fanya nyumbani: chora herufi a mpaka z hewani kwa kidole gumba cha mguu, kunja mguu ukiegemea ukuta, ukizoea simama kwa mguu mmoja huku umeshika meza maana kifundo kinasahau balansi ndo watu wanateguka tena. Jioni pandisha mguu juu ya mito.

> Na usikubali kukandwa kwa nguvu na maji ya moto, mie shangazi alinikanda nikalia.

> Naongezea, kigimbi kikivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikabana, kimbia hospitali, hiyo inaweza kuwa damu imeganda. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua rudi wapige picha upya.