Mdogo wangu kaacha dawa kwa maneno ya nesi, nifanyeje?

BintiNgambo:
Asalaam aleykum jamani, naomba msaada na msinitukane. Nna mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, alianza dawa za kufubaza virusi mwaka juzi, kidonge kimoja kila usiku, na alikuwa vizuri tu, kipimo cha wingi wa virusi kilitoka chini ya 50, mwenyewe kanionesha kwenye simu huku anacheka. Sasa yeye... mambo yake si kama ya wanaume wengine, mie najua toka mdogo na mama anajifanya hajui. Mwezi wa nne kenda kliniki kakuta nesi mgeni, akamuuliza mbele ya foleni "we umeyapata wapi haya, una mke?" akanyamaza, basi yule nesi akenda kumwita mwenziwe dirisha la dawa aje amtizame, wakacheka, mmoja akamwambia atubu kwanza. Dawa alipewa, sikatai. Lakini toka siku ile hajarudi, na mie nimejua juzi tu nilipokuta kopo tupu chini ya godoro. Tena huyo nesi anakaa mtaa wa pili na kwenye shughuli zetu anakuja. Nimpeleke wapi?

MtuWaWete:
Pole dada. Mie niko Pemba na hayo si mageni, miaka mitatu nilikuwa napanda boti mpaka Unguja kufata dawa, nyumbani nawaambia nafata mali ya duka, kisa kila anokaa kwenye lile benchi la nje anamjua babangu. Visiwa hivi ukipiga chafya Chake wa Mkoani anakuombea dua. Siku hizi napewa za miezi sita kwa mpigo, naonana na manesi mara mbili kwa mwaka basi. Akishatulia vipimo vyake na yeye aombe.

Kiparamoto:
Mnawalaumu manesi bure. Nesi naye Muislamu, na sheria ya Zanzibar inakataza hayo mambo, mlitaka ampigie vigelegele?

NesiWaZamu:
Kiparamoto hakuna aloomba vigelegele. Sheria haijamwambia nesi amuaziri mgonjwa mbele ya watu, na siri ya mgonjwa tumeilia kiapo. Na dini hiyo hiyo unoitaja inataka mtu asitiriwe. Nisijitie usafi, na mimi nimeshafanya, nilikuwa namuuliza mtu habari za mke na watoto zisizonihusu, najiona namnasihi, kijana mmoja akapotea, aliporudi kaletwa kabebwa ana kifua kikuu. Tangu siku ile nimejifunza kuufunga mdomo. Na hesabu ndo hii, kwa watu wote Zanzibar VVU ni chini ya asilimia 1, lakini kwa wanaume wanaolala na wanaume na kwa wanaojidunga sindano za madawa ya kulevya viko juu zaidi, na wapo kati yao wenye wake majumbani. Ukimfukuza yeye kwa ulimi umemfukuza na mkewe. Anomeza dawa mpaka virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa ngono, hilo lishathibitishwa.

Dada usingoje. Aende CTC nyengine yoyote, yaani kliniki inayotoa dawa za VVU, na kadi yake, barua ya uhamisho ikiwepo ni bora lakini kukosa barua kusimuweke nyumbani. Aseme ukweli kaacha muda gani, wampime kifua kikuu kabla ya kumrudisha kwenye dawa, na baada ya miezi mitatu hivi wapime tena wingi wa virusi. Asimeze za kuazima kwa mwenzake! Huyo nesi nenda kwa daktari dhamana wa kituo, eleza kilichotokea, jina la mdogo wako usilitaje.

BintiNgambo:
Shukran sana, hata wewe MtuWaWete. Nimempa simu kasoma yote kimya, mpaka ya Kiparamoto. Kakubali Jumatatu, lakini shamba huko sio mjini, na mie nimsindikize kwa sharti nisivae lile baibui langu la maua, eti linajulikana Ng'ambo nzima.