Kutia rangi kitambaa kwa theluji: baridi haizuii rangi kushika?

uzi_mweupe
Habari wakuu. Nina mita 2 za kitambaa cheupe cha pamba tupu, magadi soda, na rangi za unga za Procion MX: nyeusi, zambarau, manjano na feruzi. Theluji nje ipo tele. Kinachonitatiza ni kwamba rangi hizi hufanya kazi vizuri kuanzia nyuzijoto 21 kwenda juu, na theluji ni sifuri. Sasa zinashikaje? Halafu wapo wanaonyunyiza unga juu ya theluji na wapo wanaouweka chini yake. Tofauti ni nini? Naomba vipimo kamili, siyo "kiasi".

fundi_batiki
Theluji haishikishi rangi, inaigawa tu. Kushika kunakuja baadaye, theluji ikishaisha na kitambaa kikipata joto.

Anza kwa kufua kwa maji ya moto na sabuni hata kama kitambaa ni kipya, maana wanga na mafuta ya kiwandani huacha mabaka yasiyokubali rangi. Kilainishi usitie. Yeyusha magadi gramu 50 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu. Lita 4 zinakutosha. Loweka dakika 20, kamua mpaka kisidondoke, na usisuuze. Angalia pakiti iwe imeandikwa sodiamu kaboneti. Baikaboneti ya kuumulia keki haifai, pH yake (kipimo cha ukali wa magadi) ni 8 na kidogo tu, na rangi hizi zinataka 10.5 hadi 11. Vaa glavu, magadi yanachubua.

Weka wavu wa waya juu ya beseni, uinuke sentimita 7 au zaidi kutoka chini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia: kitambaa kikilala kwenye maji yaliyochuruzika, rangi zote zinachanganyika na upande wa chini unatoka kahawia ya tope. Kikusanye kwa vidole kiwe mikunjo midogo midogo, kieneze juu ya wavu, kisha funika kwa theluji.

Theluji mpya iliyo laini ni hewa kwa sehemu kubwa: ndoo ya lita 10 ikiyeyuka inatoa kama lita 1 ya maji. Kwa hiyo ishindilie kidogo na urundike sentimita 12 hadi 15. Ikiwa ni ile nzito yenye majimaji, sentimita 8 zinatosha. Maji yakipungua, unga hauyeyuki wote, unaacha vidoa vikali. Usichote theluji ya kando ya barabara, ina chumvi, mchanga na mafuta ya magari.

Unga: kitambaa chako kitakuwa na uzito wa gramu 300 hivi, basi gramu 15 hadi 25 kwa jumla ya rangi zote. Nyunyiza kwa kichujio cha chai ambacho hakitarudi jikoni tena. Barakoa ni lazima, si hiari; vumbi la rangi hizi likivutwa mara kwa mara linaweza kuleta mzio wa njia ya hewa. Zima feni na funga dirisha.

Kuhusu baridi: magadi ndiyo yanayofanya rangi ijifunge kwenye uzi, nayo yamo ndani ya kitambaa, hayamo kwenye theluji. Rangi iliyo juu bado haijakutana nayo, kwa hiyo haiharibiki upesi wakati inasubiri. Ikifika kwenye uzi, ubaridi unachelewesha kujifunga kwake, lakini unachelewesha pia ile hali ya rangi kumalizwa nguvu na maji. Hupotezi kitu, ilimradi umalizie kwenye joto. Beseni likae ndani, chumba cha nyuzi 20 hadi 24, usiku mzima. Theluji ikiisha, mwaga maji ya chini, funika kitambaa kwa nailoni kisikauke, kiache saa 24 nyingine. Anayesuuza mara tu theluji inapoisha ndiye analalamika baadaye kuwa rangi imepauka.

mikunjo_na_mawimbi
Niongezee kwenye rangi. Nyeusi na zambarau kwa kawaida huwa ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja inayeyuka na kushika kwa kasi yake. Zikishuka taratibu na maji ya theluji zinaachana: zambarau inatoa kingo za waridi na bluu, nyeusi inatoa hata kahawia na kijani. Wengi wanaitumia theluji kwa ajili ya hilo hasa. Manjano halisi haiachani, ni rangi moja. Usiiweke bega kwa bega na zambarau kama hupendi kahawia; iache ipakane na feruzi, upate kijani.

Unga juu ya theluji unatoa mawimbi laini yanayoingiliana. Chini yake unagusa kitambaa kibichi moja kwa moja, unatoa mabaka makali na rangi iliyokolea, na weupe mwingi unabaki katikati. Kwa mita 2 ningeweka robo ya unga chini na uliobaki juu, lakini hilo ni suala la jicho la mtu.

Feruzi ni mvivu kuliko zote. Ipe saa 48 na joto la nyuzi 25 au zaidi, vinginevyo nyingi itaondoka na maji.

uzi_mweupe
Asanteni sana. Kusuuza je? Na pindo limeshonwa kwa uzi wa poliesta.

fundi_batiki
Uzi wa poliesta utabaki mweupe, rangi hizi haziushiki. Ukitaka ufanane, shona upya kwa uzi wa pamba kabla ya kuanza.

Suuza kwanza kwa maji baridi yanayotiririka mpaka utelezi wa magadi uishe. Ukikimbilia maji ya moto magadi yakiwa bado yamo, rangi iliyolegea inaweza kushika sehemu nyeupe. Baada ya hapo loweka kwenye maji ya nyuzi 60 au zaidi kwa nusu saa, badilisha maji, rudia mpaka yawe karibu meupe, ndipo ufue kwa sabuni. Ukitaka kupima, pasi kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake: kikipata doa, bado kinachuja, rudi kwenye maji ya moto.