Eabrashi inatoa chengachenga kwenye roketi

MrushaMwale
Habari wakuu. Nina roketi ya modeli: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya balsa (mti mwepesi). Nataka rangi ya chungwa chini, ififie kupanda juu hadi njano puani, halafu mistari myekundu. Natumia eabrashi (kifaa kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa), rangi ya akriliki, nozeli ya milimita 0.3, presha ya hewa psi 30. Rangi ikikauka inakwaruza kidole, na nyekundu inapenya chini ya tepu. Niongeze presha?

FundiMsasa
Usiongeze, shusha hadi psi 15 au 20. Ila presha si mkosaji pekee. Chengachenga ni rangi iliyokauka hewani kabla ya kutua: upo mbali mno, au rangi ni nzito. Ichanganye na thina yake mpaka iteleze kwenye kikombe kama maziwa, kisha sogea sentimita 10 hadi 15. Ikianza kutawanyika vijimiguu vya buibui, umeizimua kupita kiasi au umekaribia mno. Na futa ncha ya sindano mara kwa mara, akriliki hupenda kugandia hapo.

Zilizokwisha kauka zipige msasa laini wa maji, lakini karatasi ya bomba isilowe.

Kufifisha: undakoti nyeupe kwanza, maana njano juu ya kijivu huchafuka. Paka njano bomba zima. Ikikauka, leta chungwa kutokea chini, na zinapokutana inamisha brashi ielekee kwenye mapezi, ili vumbi la rangi liangukie upande wa chungwa. Watu wengi huelekeza brashi puani halafu wanalaumu kompresa! Chomeka kijiti kwenye tundu la injini uizungushe roketi. Hewa ianze kabla hujafika kwenye bomba, na ikatike ukishalipita.

Tepu: ibandike, pitisha kucha ukingoni, kisha puliza vanishi angavu kidogo. Kitakachopenya ni vanishi, nayo itaziba njia. Ndipo upulize nyekundu.

Kipanga7
Fundi, makoti yote hayo hayaharibu urukaji?

FundiMsasa
Yanaweza. Rangi ya mapezi huvuta kitovu cha uzito (pale roketi inapolingana ukiiegemeza) nyuma, nacho lazima kibaki mbele ya kitovu cha kanieneo, yaani pale msukumo wa hewa unapolemea, angalau kwa upana mmoja wa bomba. Kwa hiyo pima mlingano baada ya kupaka, injini ikiwa ndani. Umbali huo ukipungua, ongeza uzito puani. Na shingo ya pua, ile inayoingia kwenye bomba, usiipake kabisa. Ikikwama, mwavuli hautoki, na roketi itarudi chini kichwa mbele.

MrushaMwale
Nimejaribu kwenye kipande cha bomba. Laini kabisa, asante fundi. Nyekundu bado inavuja kidogo shinani mwa pezi, pale kwenye kona.

FundiMsasa
Tepu pana haikai kwenye mviringo ule. Tafuta nyembamba ya plastiki inayopindika, uifuatishe kona, kisha ile pana iegemee juu yake. Vanishi tena.