Oedipus: kama ilikuwa imeandikwa, kijana wangu anacheza nini pale jukwaani?

MadamWaMaigizo (Kisumu)

Hamjambo wote. Nasimamia kikundi kidogo cha vijana wa maigizo hapa Kondele, tunafanyia mazoezi kwa holi ya kanisa jioni kwaya ikishamaliza. Safari hii tumechukua Oedipus, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, tukaitafsiri wenyewe mstari kwa mstari, na mambo yalikuwa yanaenda poa mpaka Jumanne. Kijana anayecheza Oedipus akasimama katikati ya mazoezi, akaweka skripti kwa benchi, akaniuliza, "Madam, huyu mtu hata kabla azaliwe mungu Apollo alishasema atamuua baba yake, na baadaye akasema pia atamuoa mama yake. Sasa mimi hapa nacheza mtu ama nacheza gari inayosukumwa?"

Nilikosa jibu. Nikawaambia tuendelee lakini mazoezi yakawa yameshapoa.

Kwa wale hawajaisoma: Laius mfalme wa Thebes aliambiwa mtoto wake atamuua, kwa hivyo mtoto akatobolewa miguu pale kwa vifundo akapewa mchungaji akamtupe mlimani Cithaeron. Mchungaji akamwonea huruma, mtoto akalelewa Corinth na Polybus na Merope akijua hao ndio wazazi. Akiwa kijana anaambiwa kule Delphi, hekaluni kwa Apollo, kwamba atamuua baba yake na kumuoa mama yake, anatoroka Corinth ili asiwadhuru, na njiani penye njia tatu anagombana na mzee fulani anamuua. Mzee ndiye Laius. Halafu anafika Thebes, anategua kitendawili cha lile zimwi Sphinx, wanampa ufalme pamoja na mjane wa mfalme, Jocasta, ambaye ndiye mama yake.

Yaani alikuwa anatoroka, na kutoroka ndiko kukampeleka. Nusu ya kikundi wanasema ni kudura tu, nusu wanasema ni hasira zake za karibu. Nyinyi mnaonaje, ni majaaliwa ama ni tabia? Niko serious naomba mnisaidie, tunacheza mwezi ujao.

NyarKano

Dada, sisi huku Ahero hatungeuliza hilo swali hata. Hiyo ni chira. Mzazi anavunja mwiko, mtoto ndiye anakonda. Na nilisoma mahali kuna masimulizi ya Wagiriki kwamba Laius alipokuwa mgeni kwa Pelops alimteka kijana wa mwenyeji wake, Chrysippus, sasa unakula kwa mtu halafu unamfanyia mtoto wake hivyo, laana itakosaje kufuata nyumba yako?

Lakini fikiria pia Lwanda Magere, shujaa wetu Waluo. Mwili wa jiwe, mkuki haumwingii, nguvu zake ziko kwa kivuli. Wazee walimkataza kabisa kuoa yule msichana wa maadui na akaoa. Siku anaumwa akamwambia huyo mke yeye mwenyewe, chanja kivuli changu unipake dawa. Nani alimlazimisha kusema? Sikio la kufa halisikii dawa. Hiyo methali nimeisema maisha yangu yote na leo ndio najiuliza, hilo sikio halisikii kwa sababu litakufa, ama litakufa kwa sababu halisikii?

MwalimuMstaafu (Nakuru)

NyarKano umegusa penyewe. Hiyo habari ya laana ya nyumba iko, na Aeschylus, mtunzi mwingine wa Kigiriki, ndiye aliipenda sana, mwaka 467 KK alicheza tamthilia tatu mfululizo, Laius, kisha Oedipus, kisha wana wa Oedipus, dhambi inateremka kizazi hadi kizazi kama vile unavyosema chira. Sophocles alikuja baadaye akachukua hadithi ileile na kwenye Oedipus yake yule kijana wa Pelops hamtaji kabisa. Nadhani alitaka tumtazame huyu mtu mmoja.

Madam, mwambie kijana wako achukue kalamu aandike upande mmoja mambo ambayo Apollo alitabiri, na upande mwingine mambo yanayotendeka mbele ya watazamaji. Ataona ajabu. Kuua baba na kuoa mama yote yalikwisha zamani, tamthilia inaanza Oedipus ni mfalme wa miaka mingi na ana watoto wanne. Jukwaani kuna kazi moja tu inafanyika, mtu anatafuta ukweli, na hakuna utabiri popote uliosema kwamba atautafuta. Ndiyo, tauni imeingia mjini na Delphi wamesema muuaji wa Laius atolewe. Lakini ni yeye anayemwita nabii Tiresias na kumtukana yule kipofu mpaka anasema, na ni yeye anaagiza mchungaji aletwe kutoka malishoni. Watu watatu wanamwomba aache. Tiresias anasema niache niende nyumbani. Jocasta anaelewa kabla yake (hapo mpe huyo dada anayecheza Jocasta nafasi ya kutosha, wakati mjumbe wa Corinth anaeleza mtoto alipewa na nani, uso wake ndio unaosimulia) anamsihi, kama unajali uhai wako usiulize zaidi. Kisha mchungaji naye, kwa jina la miungu bwana wangu usiulize tena. Wote watatu anawakataa.

Halafu kuna ile mistari miwili ambayo kwangu ndiyo tamthilia yote. Mchungaji anasema ole wangu, nimefika ukingoni mwa kulisema lile neno la kutisha. Oedipus anamjibu, na mimi ukingoni mwa kulisikia, lakini lazima nisikie. Huyo si gari la kusukumwa. Ameshajua tayari, bado masikio tu.

Na tafadhali msimchezeshe kama mtu mwenye kiburi anayeadhibiwa. Wengi tulifundishwa hivyo shuleni na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka kadhaa, naona vibaya sasa. Neno la mwanafalsafa Aristotle kuhusu kosa la mtu wa tanzia ni hamartia, na mzizi wake ni kukosa shabaha, kama mshale unaopita kando. Anasema wazi kwamba mtu wa tanzia haanguki kwa uovu. Tukianza kumtafutia Oedipus dhambi ya kutosha kulipia macho anayojitoboa mwishoni hatutaipata.

DerevaWaMauSummit

Mimi si mtu wa fasihi, niliisoma ile ya Ola Rotimi wa Nigeria, ameichukua hii hadithi akaiweka kwa Wayoruba na jina lenyewe linasema miungu isilaumiwe. Huko ugomvi ni wa shamba la viazi vikuu na huyo mzee anatukana kabila la kijana, ndio kijana anashika jembe. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Sisi wa Nakuru tunajua neno moja la kabila linaweza kufanya nini.

Lakini ninachotaka kusema ni hii ya njia tatu. Naendesha Nakuru Kisumu miaka kumi na moja, na pale Mau Summit barabara inagawanyika, moja Eldoret moja Kericho, na ingine ndio umetokea nayo Nakuru. Mwaka fulani hapo hapo mzee mmoja wa pikapu alinibana nikatoka nje ya lami, nikasimama, akateremka akanipiga na rungu hapa kwa bega mbele ya abiria wangu. Sikumbuki nikiamua kitu. Nakumbuka spana ya gurudumu ikiwa kwa mkono na nakumbuka ikiwa baridi, asubuhi ya Mau mnaijua. Konda wangu akanishika shati kutoka nyuma mpaka vifungo viwili vikatoka. Mzee akaingia gari akaenda.

Sasa angalia Oedipus, wanamsukuma kutoka barabarani, anampiga dereva, mzee aliyekaa kwa gari anampiga kichwani na fimbo ya ng'ombe, na yeye anawaua. Mwalimu unasema tabia, wengine wanasema kudura. Mimi naona alikuwa anatembea peke yake. Mimi sikuwa mpole kuliko yeye, nilikuwa na konda.

MwalimuMstaafu (Nakuru)

Ndugu dereva, nimefundisha hiyo tamthilia zaidi ya mara ishirini na sijawahi kusimama hapo pa "peke yake", na yeye mwenyewe Oedipus ndiye anahofia shahidi atasema muuaji alikuwa mtu mmoja msafiri. Asante sana.

NyarKano

Dereva pole kwa bega, na huyo konda Mungu ambariki. Bado mimi nasema utabiri ulitimia neno kwa neno, hilo hamjalijibu. Hata angekuwa na konda, Apollo angetafuta barabara nyingine.

MwalimuMstaafu (Nakuru)

Huenda, na Oedipus mwenyewe anakubaliana na wewe nusu. Akishajitoboa macho kwa pini za nguo ya Jocasta wazee wa Thebes wanamuuliza ni mungu gani alikusukuma, anajibu ni Apollo, rafiki zangu, Apollo ndiye aliyeyatimiza haya mateso yangu, lakini mkono uliopiga ni wangu mwenyewe. Anasema yote mawili kwa pumzi moja. Kijana aseme yote mawili bila kupunguza moja.

MadamWaMaigizo (Kisumu)

Nimewasomea haya yote jana kabla ya mazoezi, hata ya spana. Kijana hakusema kitu, akaomba tuanzie kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni baba mmoja wa besi kutoka kwaya, akasema mstari wake wa ukingoni, na kijana akanyamaza. Mimi nikadhani amesahau nikataka kumtajia, lakini nikamwona mkono, alikuwa ameushika mkono wa yule mzee kama mtu anazuiwa asiende na yeye mwenyewe ndiye anajishikilia. Baadaye kabisa akasema "lakini lazima nisikie", kwa sauti ndogo hivi. Mama anayefagia holi alikuwa nyuma huko, akaacha kufagia.

Mwalimu, mstari wa mkono tunaufanya kesho. Dereva, siku ya onyesho njoo na konda.