Watoto wawili machachari nyumbani, na tunajiandaa kuasili wa tatu: tuanzie wapi?

Mama Wawili
Salaam wazazi wenzangu. Tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 7, wote machachari: ukiwakatiza mchezo ni kilio, wakifurahi nyumba nzima inatikisika. Tumeomba kuasili mtoto wa kati ya mwaka 1 na 3, na sasa tunasubiri ofisa ustawi wa jamii aje kutuona nyumbani. Naomba kujua: ziara hiyo huangalia nini, na je, fujo za hawa wawili zitatuharibia? Tubadilishe nini kabla mgeni wetu mdogo hajafika? Na hawa wakubwa tuwaambie nini, lini?

Mlezi Mkongwe
Dada, nianze na neno "mgeni". Liache kabisa. Mtoto wa miaka 4 anajua kwamba mgeni huja kisha akaondoka, kwa hiyo atamvumilia siku chache halafu aanze kuuliza anarudi kwao lini. Kwa sasa semeni "tunajiandaa kumpokea mtoto". Mkishamjua ni nani na mambo yakithibitishwa, mwiteni "mdogo wenu". Tarehe msitaje mpaka iwe ya uhakika. Tarehe za namna hii husogezwa mara nyingi, na ahadi ikivunjwa hasira yote itamwangukia mtoto ambaye hata hajafika.

Mabadiliko ya nyumba yafanyeni miezi miwili au mitatu kabla: nani analala wapi, nani anaogeshwa na nani, vitu gani ni vya wote na vipi ni vya mtu mmoja. Mkimhamisha wa miaka 4 kitandani wiki ileile mdogo anapoingia, kwake maana ni moja tu: nimefukuzwa kwa sababu yake.

Sasa uchachari wenyewe. Alexander Thomas na Stella Chess, madaktari wa magonjwa ya akili walioanza kuwafuatilia watoto New York mwaka 1956, walionyesha kwamba kuwaka haraka na kuchelewa kuzoea mabadiliko ni maumbile ambayo mtoto huyaonyesha tangu uchanga. Taabu huzidi pale malezi yasipolingana nayo. Mtoto wa namna hii hupasuka hasa anapotolewa kwenye jambo moja kwenda jingine, na nyumba inayopokea mtoto mpya ni mabadiliko kutwa nzima. Zoezi la kuanza leo ni hilo.

Mwende alipo, msimwite kwa sauti kutoka chumba kingine. Chuchumaa macho yenu yalingane, mguse bega, mpe taarifa. "Dakika tano" si kitu kwa mtoto wa miaka 4. Mwambie "teleza mara tatu, kisha tunaoga", au tumia saa ya mchanga aone unavyoisha. Ukifika wakati, toa agizo moja lisilozidi maneno matano, hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kulirudia. Wengi hukosea hapa: agizo hugeuka swali ("tuoge sasa?"), naye anajibu alivyoulizwa, hataki. Au akilia anaongezewa "kidogo tu", akajifunza kwamba kilio hununua muda.

Chora pia picha tano au sita za ratiba ya jioni, uzitundike usawa wa macho ya mtoto. Anza na jioni peke yake. Ukipanga siku nzima kwa mkupuo, baada ya siku tatu hata wewe huiangalii.

Ustawi Mezani
Naongezea kuhusu ziara. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, lakini kwa kawaida huulizwa taarifa za afya, cheti cha tabia njema, uthibitisho wa kipato, vyeti vya ndoa na kuzaliwa, na wadhamini wanaowafahamu vizuri. Mzazi kila mmoja anaweza kuhojiwa peke yake, na watoto pia huongeleshwa kulingana na umri wao.

Kelele si kosa. Kinachotazamwa ni mzazi anafanya nini mtoto anapowaka. Kwa hiyo msiwafundishe watoto majibu: wa miaka 7 atasema wazi kwamba amekatazwa kusema. Wanandoa hukwama zaidi kwenye swali la nidhamu, mmoja akisema hatuchapi na mwingine akisema mara mojamoja. Kaeni mkubaliane kwa dhati kabla, na kama mmeacha kuchapa, elezeni mnafanya nini badala yake.

Usalama: dawa na kemikali za usafi zikae kwenye kabati lenye kufuli. Kuziweka juu hakutoshi, maana mtoto machachari anajua kuburuta kiti. Ndoo zimwagwe au zifunikwe kwa kifuniko kinachobana. Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Makabati mazito yafungwe ukutani, na kitanda kisiwe chini ya dirisha.

Mama Wawili
Asanteni sana. Jambo moja: wa miaka 4 akikasirika tunamweka chumbani peke yake mpaka atulie. Tuendelee hivyo na mdogo wake?

Mlezi Mkongwe
Hapana, na muache kwa wote wawili, tena sasa. Mtoto anayeasiliwa ameshapoteza walezi. Mlango ukifungwa kwake ni kuachwa tena. Kaeni naye hapohapo, umbali wa hatua moja, sauti chini, maneno machache, mkizuia tu asijiumize wala kuumiza. Maelezo yasubiri atulie. Sheria ikiwa mbili, wa miaka 4 ataona upendeleo.

Akifika, wiki za mwanzo ninyi wawili tu mumlishe, mumwogeshe, mumbembeleze. Ndugu wakitaka kusaidia, wafue au watoke na wale wakubwa. Akimkimbilia kila mtu na kutaka kubebwa, msidhani ameshazoea: bado hajajua nani ni wake. Mrudisheni kwenu kwa upole. Akificha chakula msimkemee. Mpeni kikopo chake chenye kitu cha kutafuna, akijue kilipo. Kitambaa au nguo aliyokuja nayo msiifue kwanza, ina harufu anayoifahamu. Na kwa waliomtunza ulizeni analalaje, saa ngapi, na anatumia neno gani kuomba maji au choo.

Wakubwa nao: kila mmoja dakika 15 kwa siku na mzazi mmoja, simu ikiwa mbali, mtoto ndiye anachagua mchezo. Dakika hizo zisiondolewe kama adhabu. Wa miaka 4 akianza kukojoa kitandani, msimkemee; akidai chupa, mpeni bila maneno. Wa miaka 7 msimfanye yaya.

Ustawi Mezani
Huyo wa miaka 7 ataulizwa maswali na wenzake kabla yenu. Mwambieni kwamba habari za mdogo wake za kabla ya kuja kwenu ni mali ya mdogo wake, si za kusimulia. Mpeni jibu la mdomoni, mlirudie naye mara kadhaa: "Ni mdogo wangu, tumemuasili. Mengine ni yake." Na neno "kuasiliwa" lisikike nyumbani tangu siku ya kwanza, hata kabla mtoto hajalielewa, ili asije kulisikia kwanza kwa mtu wa nje.